Mshipi wa Muthoka

Sajini Mutinda alikuwa amemuuliza Munyiva swali moja kwa kila njia aliyoijua, na kila mara msichana alimrudishia jibu lile lile.

"Nilimfunga yule niliyeambiwa."

"Sikuulizi ulimfunga nani. Nakuuliza Kimanzi alikufaje."

"Sijui, afande. Nilienda kuwaangalia asubuhi nikampata baridi."

"Ulimfunika uso?"

"Hapana."

"Na mto?"

"Hakuna mto kwa kitanda chao. Mama yao alikataza."

Mutinda aliweka kalamu chini. Ofisi ya upelelezi ya Kangundo ilikuwa na dirisha moja lisilofungika, na ukungu wa Julai ulikuwa ukiingia kama mtu mwenye ufunguo wake. Munyiva alikuwa amejikunja ndani ya sweta kubwa aliyoazimwa na askari wa kike wa zamu. Alikuwa msichana wa Ndithini, mwembamba, mwenye sauti ndogo, aliyeletwa Kangundo kulea mapacha wa mwanamke aitwaye Ndila, mshonaji katika kiwanda kimoja huko Athi River. Mahakama ya Machakos ilikuwa imewaruhusu polisi kumshikilia wakati uchunguzi unaendelea, na ruhusa hiyo ilikuwa inaisha kesho asubuhi. Kesho ama angeshtakiwa kwa kumuua mtoto, ama angerudi kwao. Hadi dakika hiyo hakuna aliyekuwa akizungumzia kwao.

Kesi yenyewe ilikuwa imekaa vibaya tangu mwanzo. Mapacha hao, wote wavulana, walizaliwa kabla ya wakati, wanafanana kama vikombe vya seti moja. Kimanzi hakuwa na shida. Muthoka alikuwa na tatizo la kusahau kupumua. Angelala vizuri, kisha kifua kingetulia, moyo ungepunguza mwendo, mpaka mtu amtikise ndipo avute pumzi. Hospitali iliwaazima mashine ya kukaa nayo nyumbani, kisanduku cha ukubwa wa mkate, chenye nyaya na mshipi wa kufungwa kifuani. Kisanduku kilihesabu pumzi na mapigo ya moyo, na kimoja kikichelewa kilipiga kelele ambayo majirani wote walikuwa wameizoea.

Halafu aliyekufa akawa Kimanzi. Yule mzima, asiye na mshipi. Muthoka bado alikuwa anapumua. Kama angekufa mgonjwa, hakuna mtu angeita polisi.

"Jana yake mchana," alisema Mutinda, "jirani yenu Mbinya alikusikia ukipiga kelele. Ulisema, 'Mtoto atakufa humu, halafu mseme ni mimi.' Ulisema hivyo, hukusema?"

"Nilisema."

"Kwa nini?"

Munyiva alitazama mikono yake. "Muulize susu."

Susu ndivyo Wakamba wamwitavyo nyanya, na nyanya huyo alikuwa Nthenya, mama mkwe wa Ndila, mwenye nyumba.

"Nimemuuliza. Alisema ulikasirika kwa sababu ulitumwa kufua."

"Kufua," alisema Munyiva, na kwa mara ya kwanza kitu kama kicheko kilipita usoni mwake. "Sawa. Ni kufua."

"Ni kufua au si kufua?"

"Susu ndiye alinitoa kwetu, afande. Wadogo wangu wawili wako shule kwa sababu yake. Mimi nilimfunga yule niliyeambiwa."

Mutinda aligonga meza kwa kiganja. "Sikiliza. Aliyekufa hakuwa na mshipi. Mshipi ni wa Muthoka, na Muthoka yuko hai anakunywa maziwa. Ukinitajia mshipi tena nakurudisha ndani."

Munyiva alifunga mdomo. Hakumtajia mshipi tena, wala kitu kingine chochote, na mwishowe Mutinda akamrudisha ndani hata hivyo.

Rodgers, mkuu wa upelelezi, alikuwa amesimama kwenye veranda akipasha mikono moto kwa kikombe cha chai. Alikuwa mtu wa kutoka Kakamega ambaye aliichukia baridi ya Kangundo na kuwalaumu wenyeji kwa ajili yake.

"Amekubali?"

"Hapana."

"Na daktari aliyepasua?"

"Anasema hajui. Mtoto aliyezibwa pua polepole na mtoto aliyeacha kupumua mwenyewe, ukiwapasua ni kitu kimoja."

"Basi uko na Mbinya."

"Niko na maneno ya mtu aliyekasirika, mkubwa. Mimi nikikasirika nasema nitawaua watu wote wa hii ofisi."

"Lakini sisi hatujafa," alisema Rodgers. "Kesho asubuhi gari linaenda Machakos, na huyo msichana yuko ndani ya hilo gari. Kama uko na kitu kingine, kilete leo. Au unangoja malaika aje aandikishe ushahidi?"

"Gari liko wapi sasa?"

"Halina mafuta."

Mutinda alipanda bodaboda. Barabara ya kwenda kwa Nthenya ilipita kwenye mashamba ya kahawa na miparachichi, na udongo ulikuwa umelowa ukungu mpaka pikipiki ikateleza mara mbili. Mara ya pili Mutinda alishuka akatembea, viatu vikibeba matope, akilini akirudia mambo machache aliyokuwa nayo. Hayakuongezeka njiani.

Alimkuta Nthenya sebuleni, ameketi chini ya picha ya marehemu mume wake, mtoto mapajani. Mtoto alikuwa amevishwa kofia ya sufu, sweta mbili, na soksi nene zilizofika magotini. Waya mwembamba ulitoka chini ya sweta ukaingia kwenye kisanduku kilichowekwa juu ya stuli, ambapo taa ndogo ya kijani iliwaka na kuzima, ikawaka na kuzima.

"Karibu, afande. Umekuja kumwamkia mume wangu?"

Mutinda alitabasamu bila kutaka. Ndivyo ilivyokuwa Ukambani. Mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na tangu siku hiyo nyanya humwita mume. Mama yake Mutinda mwenyewe, mwanamke asiyejua mzaha, alikuwa akimpigia simu kuuliza kama mume wake amefanya kazi ya shule. Pacha aliyetangulia kuzaliwa alipewa jina la huyo wa kwenye picha, Muthoka. Aliyemfuata alipewa la babu mzaa mama, Kimanzi.

"Mume wako anaonekana ameshiba," alisema.

"Muume wakwa," alisema Nthenya akimbana mtoto shavu. "Yule wa kwanza alikuwa mkonda, hata ukimpikia nini. Huyu hana meno na anakula kunishinda."

Ndila alitokea kwenye mlango wa jikoni. Kiwanda kilikuwa kimempa ruhusa ya msiba. Alikuwa amefunga leso kiunoni, macho yamevimba, na hakukaribia.

"Pole tena, Mama Muthoka," alisema Mutinda.

"Niite Ndila tu, afande."

Aliomba kuona tena chumba walimolala watoto. Hakukuwa na jipya. Kitanda kidogo cha mbao, kimoja kwa wote wawili, godoro gumu, hakuna mto. Dirisha lenye vyuma. Mlango usio na kufuli. Mtu yeyote wa nyumba hiyo angeweza kuingia, na watu wa nyumba hiyo usiku ule walikuwa wanawake watatu tu, kwani Wesley, mume wa Ndila, alikuwa safarini na lori. Mutinda aliinama akatazama chini ya kitanda kwa mara ya tatu tangu kesi ianze. Chini ya kitanda palikuwa na beseni.

Alirudi sebuleni akakitazama kisanduku. Alianza kufikiri labda mashine ni mbovu. Hakujua hilo lingemsaidia vipi, maana haikuwa imefungwa kwa aliyekufa, lakini mtu asiye na cha kushika hushika chochote.

"Mama, fungua huo mshipi kidogo. Nataka kusikia kama inalia."

"Nifungue?" Nthenya alimkumbatia mtoto. "Ndio aache kupumua mbele yako ufurahi?"

"Ni dakika moja tu."

"Hata nusu. Mmeshamchukua mmoja mkampasua. Huyu hamumgusi."

Mutinda alimeza hasira. "Basi niambie. Inalia mara ngapi?"

"Zamani? Usiku mara tatu, mara nne. Hata mchana. Mbinya alikuwa anakuja mbio kila ikilia, mikono na unga. Watu walituuliza kama tumefungua kituo cha zima moto."

"Na siku hizi?"

"Kimya." Nthenya aliinua mkono mmoja juu. "Tangu wamama wa maombi waje, hata mara moja. Bwana alimgusa. Jumapili hii natoa ushuhuda."

"Walikuja lini?"

"Ni ile siku. Kabla ya lile jambo. Walikuja mchana, na asubuhi tukampata Kimanzi hivyo."

Jikoni, kifuniko cha sufuria kilianguka sakafuni. Ndila hakukiokota mara moja.

Mutinda aliinuka, akazunguka sebule kama mtu anayenyoosha mgongo, akasimama mbele ya kabati. Kulikuwa na picha ya mapacha, imesafishwa na kuwekwa kwenye fremu ya plastiki, wamelazwa sambamba juu ya leso. Hakuweza kusema yupi ni yupi. Lakini mmoja alikuwa amefungwa uzi mwekundu wa sufu kwenye kifundo cha mkono.

"Huu uzi ni wa nini?"

"Mambo ya hospitali," alisema Nthenya. "Walisema Muthoka afungwe, wasichanganywe."

Mutinda aligeuka akatazama mikono ya mtoto aliyepakatwa. Ilikuwa mitupu. "Mbona hana sasa?"

"Wamama waliukata. Mchungaji hataki uzi kwa mkono wa mtoto. Anasema ni vitu vya mundu mue, vya waganga."

"Uliwaambia ni alama?"

"Niliwaambia. Wakaniuliza, alama ya nani? Sasa mimi nibishane na watu wa Mungu, kwa nyumba yangu, wakiwa wamekuja kuniombea wajukuu? Wakaukata tukauchoma."

Kuna kitu kilimpita Mutinda kichwani na kutokomea, kama mtu anayepita dirishani. Akatoka nje kupiga simu.

Mtandao nyumbani kwa Nthenya ulipatikana mahali pamoja tu, kwenye kona ya nyuma ya choo. Mutinda alisimama hapo, pua upande, akampigia Pauline, muuguzi wa wodi ya watoto njiti aliyewapa mashine. Simu ilikatika mara mbili kabla ya kushika.

"Swali moja, sista. Mtoto kama Muthoka anaweza kupona ghafla? Leo analiliwa na mashine mara nne, kesho kimya kabisa?"

"Kupona anapona," alisema Pauline. "Wote hupona wakikua. Lakini polepole. Inalia mara nne, halafu tatu, halafu moja, unakaa wiki. Haikatiki kama stima. Kwani imenyamaza?"

"Imenyamaza."

"Mshipi umelegea?"

"Taa inawaka kijani, inahesabu."

"Basi inahesabu mtoto mzuri sana," alisema Pauline. "Mimi hiyo siielewi."

Mutinda alihamishia simu sikio la pili. Kuku mmoja alipita akimtazama.

"Huko wodini mliwajuaje, huyu ni nani na yule ni nani?"

"Walikuwa na bangili za majina. Walipotoka tukamwambia mama afunge uzi. Lakini mimi nilikuwa nawajua kwa mguu. Muthoka dripu ilimvujia chini ya ngozi, kifundo cha mguu wa kushoto, upande wa ndani. Ilimchoma. Lile kovu atazeeka nalo."

"Na Kimanzi?"

"Kimanzi hakuwekwa dripu ya mguuni hata siku moja."

Mutinda alikata simu bila kuaga. Alifungua picha alizopiga mwenyewe mochari. Alikuwa amepiga shingo, midomo, kope, kucha, kila mahali ambapo mkono wa mtu mzima huacha alama kwa mtoto. Mwisho kabisa palikuwa na picha moja ya mwili wote. Akaivuta mpaka mguu wa kushoto ukajaa kioo.

Kovu lilikuwa hapo, jeupe, la ukubwa wa punje ya hindi.

Alikuwa ameliona siku ile ile. Alifikiri ni la hospitali, akaendelea kutafuta shingoni. Na kweli lilikuwa la hospitali.

Nilimfunga yule niliyeambiwa. Msichana alikuwa amemwambia kesi nzima kwa maneno matatu, akayarudia mpaka yakawachosha wote wawili, na yeye, mpelelezi wa miaka ishirini na kitu, akamtisha asiyataje tena. Mutinda alitukana kwa Kikamba, kisha akauomba msamaha ukuta wa choo kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuomba.

Aliporudi ndani hakuketi.

"Mama, nataka unielezee ile siku ya wamama. Polepole. Watoto walikuwa wapi?"

"Hapa. Tulikuwa tumewaogesha."

"Mshipi ulikuwa umetolewa."

"Huwezi kumwogesha mtoto na nyaya."

"Wamama wakaingia wakawabeba."

"Kila mmoja alitaka kumbeba. Waliwapitisha huku na huku wakiomba."

"Na uzi ukakatwa. Wamama wakaenda. Sasa mko na watoto wawili, wameoga, wamepakwa mafuta, hakuna uzi, hakuna mshipi. Munyiva alikuuliza nini?"

Nthenya alivuta shuka akamfunika mtoto miguu.

"Alikuuliza Muthoka ni yupi," alisema Mutinda. "Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia ukweli. Nilimwambia, kwani nishindwe kumjua mume wangu?"

"Ukamwonyesha huyu."

"Nikamwonyesha Muthoka."

"Na yeye akasema mngoje Ndila atoke kazini."

"Nani amekwambia?" Kisha sauti ya Nthenya ikapanda. "Msichana wa juzi anafundisha mimi watu wa nyumba yangu? Nimeishi na Muthoka miaka arobaini. Najua paji lake. Najua anavyokunja uso. Huyo anapiga kelele ati mtoto atakufa humu tuseme ni yeye. Nilimwambia afunge mshipi anyamaze. Akafunga."

"Mimi uliniambia ni mambo ya kufua."

"Wewe ni polisi," alisema Nthenya, kana kwamba hilo lilitosha, na pengine lilitosha.

"Naomba nione mguu wake. Wa kushoto."

Kabla Nthenya hajafungua mdomo, Ndila alikuwa amevuka sebule na kusimama katikati yao.

"Kuna baridi, afande. Soksi hatumvui."

"Nani humbadilisha soksi hapa?"

"Mimi."

"Wewe peke yako."

"Mimi ni mama yake."

Mutinda alimtazama. Akakumbuka, niite Ndila tu. Akakumbuka kifuniko. Alikuwa na maswali mengine matano tayari ya kumzungushia, akayaacha yote.

"Ulijua lini?"

Nthenya aliangalia juu. "Ajue nini?"

Ndila alivuta ncha ya leso kiunoni. "Baada ya mazishi. Nilikuwa namvisha soksi. Nikatafuta kovu. Nikatafuta hata mguu ule mwingine."

"Na ukanyamaza."

"Ile siku nilirudi usiku nikawapata wamelala. Nikamwinamia huyu, nikaona mshipi uko sawa, taa iko sawa. Nikamwambia lala salama, Muthoka." Alijipangusa uso kwa leso. "Mimi, afande. Niliyewazaa. Yule mwingine nilimgusa tu kichwa nikaenda kulala. Sasa nianze kumwambia nani kwamba amekosea?"

"Munyiva analala kwa sakafu ya simiti."

"Najua."

"Kesho anapelekwa Machakos kwa mauaji."

"Watu walisema mtamwachilia. Walisema hamna ushahidi."

"Hatuna. Hiyo haijawahi kutuzuia." Mutinda alikuwa amechoka kwa hasira, na hakujua tena amkasirikie nani. "Huyo msichana ndiye mtu pekee aliyesema ngojeni. Na hajanitajia susu hata leo kwa ubaya. Anangoja nyinyi mseme."

Ndila aligeuka akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake. Hakumchukua mtoto. Alishika mguu wa kushoto tu, akavuta ile soksi nene chini, polepole, mpaka ikatoka. Mguu ulikuwa mnene, laini kote. Nthenya aliupokea mkononi. Akapitisha kidole gumba upande wa ndani wa kifundo, akakipitisha tena, akisugua kama mtu anayefuta vumbi aone kilichoandikwa chini.

"Limepona," alisema. "Mungu anaweza. Kama ameponya kifua, kovu ni nini?"

Mutinda alitoa simu yake, akaitazama, akairudisha mfukoni. Hakukuwa na haja ya kumwonyesha mwanamke huyu mguu mwingine.

"Mama," alisema Ndila. "Huyu ni Kimanzi. Huyu ni baba yangu."

Mkono wa Nthenya ulisimama. Mutinda, Mkamba kama wao, aliona neno hilo likimfikia na akatamani angekuwa nje. Baba yake Ndila alikuwa mkwe. Mkwe hapakatwi, hafanyiwi mzaha, habanwi shavu. Hata njiani humpisha. Nthenya alikuwa amemlaza mkwe mapajani mwake tangu mazishi akimwita mume, na mume akiwa kaburini kwa jina la mkwe, bila mtu hata mmoja kumlilia kwa jina lake. Alimtazama mtoto kama mtu aliyeketi kwenye kiti cha mgeni bila kujua. Kisha akamwinua, kwa mikono yote miwili, kwa adabu, akamkabidhi Ndila.

Ndila alimlaza begani, akaingiza mkono chini ya sweta na kufungua mshipi.

Kisanduku kilipiga kelele.

Mutinda hakuwahi kuisikia kabla ya siku hiyo. Ilikuwa kali, nyembamba, ya kutoboa, na haikupumzika. Hakuna aliyenyoosha mkono kuizima. Nthenya aliuchukua mshipi mtupu, akauweka mapajani palipokuwa na mtoto.

Mutinda alikimbilia kwenye kona ya choo akampigia Rodgers.

"Mkubwa, Munyiva asiingie kwa hilo gari."

"Uko wapi? Ni nini inapiga kelele hivyo?"

"Mashine. Aliyekufa si Kimanzi. Ni Muthoka, yule mgonjwa. Waliwachanganya, mshipi ukafungiwa mzima. Muthoka aliacha kupumua na hakukuwa na kitu cha kulia."

Mutinda alimsikia Rodgers akinywa chai. "Nani aliwachanganya? Msichana?"

"Msichana aliuliza. Akaambiwa."

"Na nani?"

"Na nyanya yao."

"Kwa hivyo tunashtaki nyanya."

"Kwa kosa gani, mkubwa? Kupenda mmoja?"

"Mutinda, niko na faili ya mauaji hapa. Siwezi kuandika hakuna mtu. Wakili wa serikali atanicheka. Na picha? Na kovu? Uko na kitu au uko na hadithi?"

"Niko na picha ya mochari, niko na muuguzi, niko na mguu wa mtoto. Na mama yao anakuja na mimi kuandikisha."

"Amekubali?"

"Atakubali."

"Basi mlete leo, kabla nifunge ofisi. Akiandika, nitamtoa huyo msichana. Asipoandika, gari linaenda." Rodgers aliweka kikombe mezani. "Na uzime hiyo kitu. Inaniumiza masikio mpaka huku."

Mutinda alikuwa bado na simu sikioni aliposikia miguu ikikimbia. Mbinya alitokea kati ya miti ya kahawa, sketi ameinua kwa mkono mmoja, unga wa chapati umemjaa mpaka viwiko, akampita bila kumwona. Alikuwa akikimbia jinsi alivyozoea kukimbia kila kisanduku hicho kilipolia. Mutinda alimfuata.

Mlangoni Mbinya alishika fremu, akihema, akamwona Nthenya ameketi peke yake na mshipi mapajani.

"Mama Wesley, ni Muthoka? Ameacha kupumua?"

Nthenya aliinua kichwa. Kwa muda mrefu kelele ndiyo iliyojibu. Kisha akanyoosha mkono mwenyewe, akatafuta kitufe kwa kidole, akakizima.

"Ndiyo, Mbinya," alisema. "Ni Muthoka."